Mshipa Usiokua Katika Mwili Unaokua

Upasuaji wa moyo wa mtoto huchukua saa chache, lakini mafanikio yake hupimwa kwa miaka yote anayoendelea kurefuka

Na Mwandishi Wetu

MWEZI wa Mei mwaka 1999, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Wanawake cha Tokyo, mtoto wa kike wa miaka minne, aliyezaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu cha kutegemewa na asiye na njia ya wazi ya kuifikisha damu mapafuni, alilazwa tena juu ya meza ya upasuaji, kwa kuwa mshipa mmoja wa pafu lake la kulia ulikuwa umeziba kabisa baada ya operesheni aliyofanyiwa akiwa na miaka mitatu na miezi mitatu.

Mrija ambao Dakta Toshiharu Shin'oka na wenzake waliuweka mahali pa mshipa ule haukutoka kiwandani ukiwa tayari. Walikuwa wamekata kipande cha vena chenye urefu wa sentimita 2 katika mwili wa mtoto yule yule, wakazikuza maabarani seli za ukuta wake, kisha wakazipanda juu ya kiunzi laini chenye upana wa milimita 10 na unene wa milimita 1, kilichobuniwa ili kiyeyuke chenyewe ndani ya mwili kwa muda wa majuma manane hivi, na kubakiza mshipa wa mtoto mwenyewe.

Miezi saba baadaye mtoto alikuwa na siha njema, wala haikuonekana dalili ya kuziba. Habari hiyo ilitangazwa kwa barua fupi katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine mwaka 2001, na tangu siku hizo matabibu wa mioyo ya watoto hawajaacha kuhojiana juu ya shauri ambalo ni jepesi kulitaja na zito kulitatua: mtoto hukua, na kitu anachotiwa na mpasuaji aghalabu hakikui.

Kanzu iliyonunuliwa kubwa

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huja na kasoro ya moyo au ya mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Nyingi za kasoro hizo ni ndogo, na baadhi ya yale matundu ambayo mama huambiwa kliniki kwamba mwanawe "ana tundu kwenye moyo" huziba yenyewe mtoto akiwa bado mdogo. Tundu kubwa likizibwa kwa kiraka, nyama ya moyo hukua kukizunguka, na kiraka kisipokua hakileti hasara kubwa, maadamu kazi yake ni kuzuia na wala si kupitisha.

Mshipa, kwa upande wake, hupitisha. Kichanga aliyezaliwa na kilo 3, akijaaliwa umri, atakuwa mtu wa kilo 60, na damu itakayohitaji njia siku hiyo si damu iliyokuwa ikipita siku alipopasuliwa.

Mwaka 1968, katika mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, Francis Fontan alithubutu kulifanya jambo lililoonekana kinyume cha maumbile: kwa kuwa mgonjwa hana ila chumba kimoja imara cha moyo, chumba hicho kiachiwe kazi ya kusukuma damu mwilini, nayo damu inayorejea ielekezwe mapafuni moja kwa moja, bila ya pampu yoyote kuisukuma. Leo operesheni yenye jina lake hufanywa kwa hatua, ya mwisho mtoto akiwa aghalabu na umri wa miaka 2 hadi 5, na mahali pengi hukamilishwa kwa mrija wa Gore-Tex, jamii ya kitu kile kile kinachotiwa katika makoti ya mvua, ambao huipokea damu ya nusu ya chini ya mwili na kuifikisha katika ateri za mapafu.

Hapo mpasuaji hufanana na mzazi anunuaye kanzu ya Idi: huchagua kubwa, ya milimita 18 au 20, ili mtoto aikulie. Lakini kanzu ikizidi huburuta tu, ilhali mrija ukizidi damu huzubaa ndani yake, na damu iliyozubaa huganda. Tena upana waweza kukisiwa mapema. Urefu haukisiki, kwa sababu kifua kitarefuka, moyo utahama mahali pake kidogo kidogo, na mrija utabaki vile ulivyokatwa.

Mirija mingine haina hata nafasi ya kukisiwa. Ule wa milimita 3.5 au 4 ambao kichanga wa rangi ya buluu huwekewa kati ya ateri iendayo mkononi na ateri ya pafu humwia mdogo mno baada ya miezi kadhaa. Njia ya kutokea chumba cha kulia kwenda mapafuni, ikitengenezwa kwa mshipa wa shingo ya ng'ombe au kwa mshipa uliotolewa kwa maiti, hujaa chokaa na kubana, na mtoto hurudishwa mezani. Na kila kifua kinapofunguliwa upya, kovu la zamani huwa limeushika moyo na kuugandisha na mfupa, hata kuufikia bila ya kuuchana kukawa ni kazi ya saa nzima.

> *Upana waweza kukisiwa mapema, urefu haukisiki.*

Mkondo ndio mjenzi

Ili tuifahamu hoja ya wale wanaotaka mshipa unaokua, sharti kwanza tufahamu mshipa wa asili hukuaje. Mwaka 1893 mwanachuoni wa Kijerumani Richard Thoma, aliyekuwa akiichunguza mishipa ya kifaranga kingali ndani ya yai, alitangaza kwamba upana wa mshipa hufuata mwendo wa damu iliyomo: damu ikipita kwa kasi, mshipa hupanuka; mwendo ukipungua, mshipa husinyaa, na usipopitiwa hufifia mpaka ukatoweka. Wataalamu waliokuja baada yake wamekuta kwamba utando wa ndani wa mshipa, wenye unene wa seli moja tu, huuhisi msuguano wa damu na kuipelekea amri misuli na nyuzi zilizo nyuma yake.

Ukweli huo ulidhihirika juu ya meza ya upasuaji kabla ya wapasuaji wengi kujua kwamba wanauthibitisha. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Alfred Blalock alimpasua mtoto wa miezi 15 aliyekuwa akigeuka buluu, akaunganisha ateri ya mkono na ateri ya pafu ili pafu lililokuwa na njaa lipate damu. Fikra ilikuwa ya Dakta Helen Taussig. Na nyuma ya bega la Blalock alisimama Vivien Thomas, fundi wa maabara, mtu Mweusi katika mji wa ubaguzi, ambaye ndiye aliyeifanya kazi ile mara nyingi juu ya mbwa na ambaye jina lake lilikawia sana kutajwa pamoja na ya wenzake.

Lengo lilikuwa kuifanya midomo ya mtoto iwe myekundu. Faida ya pili ilionekana kwa watoto wengi waliofuata: ateri za mapafu zilizokuwa nyembamba, zilipoletewa damu zilianza kukua, hata wengine wakafikia kipimo cha kuweza kutengenezwa kabisa. Mwaka 1984 Nakata na wenzake, nao wakiwa Tokyo, waliweka kanuni ya kulipima jambo hilo kwa kujumlisha eneo la ndani la ateri mbili za mapafu na kuligawanya kwa eneo la mwili. Aliyezaliwa salama hupata takriban milimita za mraba 330 kwa kila mita ya mraba. Hesabu hiyo ingali ikifanywa na madaktari wanapotafakari kama mtoto yuko tayari kwa hatua inayofuata.

Mwaka ule ule wa 1944, mwezi wa Oktoba, Clarence Crafoord wa Stockholm aliikata sehemu iliyobana ya aorta, mshipa mkuu utokao moyoni, na kuziunganisha ncha zake mbili. Waliomfuata, walipoanza kuwatendea hivyo watoto wachanga, waliona mahali pa mshono pakibana tena kadiri mtoto anavyokua, na sababu mojawapo ilikuwa bayana: uzi usiooza, ukishonwa kwa mfululizo kuuzunguka mshipa, ni pete, na pete haipanuki. Wakajifunza kufunga mishono mmoja mmoja, kutumia uzi unaoyeyuka, na kuondoa tishu yote yenye tabia ya kujikunja. Kwa maoni yangu mambo hayo matatu, ambayo hayakupigiwa vigelegele na gazeti lolote, yamewafaa watoto wengi kuliko maajabu mengi ya maabara.

Mishipa isiyoalikwa

Mpaka hapa msomaji aweza kudhani kwamba taabu yote ni mishipa inayokataa kukua. Iko taabu ya pili, nayo kwangu ndiyo ya ajabu zaidi: mishipa inayochipuka mahali isipotakiwa.

Mwaka 1958 William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza operesheni ya kuiunganisha vena kubwa ya juu na ateri ya pafu, ili damu irudiyo kutoka kichwani na mikononi iende mapafuni bila ya kupitia moyoni. Operesheni hiyo, kwa sura iliyorekebishwa, ni hatua ya katikati kuelekea ile ya Fontan, na watoto huipokea vizuri: midomo hung'aa, pumzi hutulia, na mama hupewa ruhusa ya kurudi nyumbani.

Lakini matabibu walianza kuona kwamba baadhi ya watoto hao walirudi kuwa na rangi ya buluu baada ya muda, ingawa kiungo kilikuwa wazi na moyo ulikuwa ukifanya kazi. Picha zilipopigwa, mapafuni palikutwa vijishipa vilivyozisuka ateri na vena pamoja moja kwa moja, hivyo kwamba damu ilikuwa ikipita ndani ya pafu na kutoka bila ya kukutana na hewa.

Kidokezo kilitoka kwa kundi la watoto ambao vena yao kubwa ya chini haikuumbika kama ya watu wengine, na damu ya miguu yao hupanda kwa njia ya mgongoni na kuingia katika vena ya juu. Kwa watoto hao Yasunaru Kawashima wa Osaka alieleza, mwaka 1984, namna ya kuunganisha ambayo huipeleka mapafuni damu karibu yote ya mwili isipokuwa ile inayotoka katika ini. Watoto hao ndio walioathirika mno. Damu ya kichwa ilifika mapafuni, ya mikono ilifika, ya miguu ilifika. Iliyokosekana ilikuwa ya ini peke yake.

Ushahidi mwingine ulikwisha kuwako kwa wagonjwa wenye moyo mzima na ini bovu, ambao nao hupatwa na maradhi ya mapafu yanayofanana na haya, na wengi wao hupona wakipandikizwa ini jipya. Na mtoto aliyefanyiwa operesheni ya Glenn, akikamilishiwa ile ya Fontan na damu ya ini ikaletwa mapafuni, vile vijishipa aghalabu hunywea kwa muda wa miezi. Mrija ukiwekwa kwa namna ya kuimimina damu ya ini katika pafu moja tu, pafu la pili laweza kuendelea kuugua, na mpasuaji hulazimika kurudi kuugeuza mkondo.

Kwa hiyo ini hutoa kitu, na pafu bila ya kitu hicho husahau mpaka wa kuifuma mishipa yake. Wengine wanaishuku protini iitwayo BMP9, ambayo hutengenezwa na ini na kuzitawala seli za utando wa ndani wa mishipa. Haijathibitishwa kwamba ndiyo peke yake.

> *Damu ya kichwa ilifika mapafuni, ya mikono ilifika, ya miguu ilifika. Iliyokosekana ilikuwa ya ini peke yake.*

Kuna na aina nyingine ya wageni. Kutoka katika ateri za ukuta wa kifua na za mabegani huchipuka matawi yanayoelekea mapafuni, yakiitikia upungufu wa hewa safi katika damu na uchache wa mkondo. Nayo huibeba damu iliyokwisha kusafishwa na kuirudisha kusafishwa tena, huku chumba kimoja cha moyo kikilipia kazi hiyo ya bure. Matabibu wengine huyaziba kwa vikoili vidogo vinavyopitishwa kwa katheta, kijimrija chembamba kiingizwacho mshipani, kabla ya hatua ya mwisho. Wengine husema kwamba tawi moja likizibwa huota jingine, na kwamba haijaonekana kwa yakini kuwa waliozibwa hukaa hospitali siku chache kuliko wasiozibwa. Nimevisoma vipande vya pande zote mbili na sioni aliyemshinda mwenzake.

Seli zilizokwenda zake

Turudi kwa Wajapani. Baada ya yule mtoto wa kwanza, Shin'oka na wenzake waliona kwamba kuzikuza seli kwa majuma ni kazi ndefu yenye hatari ya uchafu, wakaamua kuchukua uboho wa mgonjwa siku ile ile ya upasuaji, kuzitenga seli zake, kuzinyunyiza juu ya kiunzi, na kukishona mahali pake kabla ya kifua kufungwa. Kati ya mwaka 2001 na 2004 waliwawekea mirija ya namna hiyo wagonjwa 25 wa operesheni ya Fontan. Walipofuatiliwa kwa wastani wa miaka 11, hakuna aliyekufa kwa sababu ya mrija, wala mrija uliopasuka au kutuna. Saba walikutwa na mbano usio na dalili, wakapanuliwa kwa puto.

Christopher Breuer, wakati huo akiwa Yale, alitaka kujua ni nini hasa kinachotokea ndani ya mrija ule. Kila mtu alidhani kwamba seli zilizopandwa ndizo zinazokuwa ukuta wa mshipa. Majaribio ya panya yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba sivyo: seli hizo hutoweka baada ya muda mfupi, lakini kabla ya kwenda zake hutoa ishara za kuwaita askari wa damu, na ni ule uvimbe wanaouleta, ambao kwa desturi tunauchukia, unaokifinyanga kiunzi mpaka seli za mishipa ya jirani zikatambaa na kuingia kuujenga ukuta mpya. Mrija kamwe haukuwa mshipa ulioshonwa; ulikuwa mwito, na mwili ukauitikia.

Uitikio huo waweza kupita kiasi. Mwaka 2011 Yale walipata idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani, wakaanza jaribio lao kwa watoto. Watatu kati ya wanne wa mwanzo walipata mbano mapema, na jaribio likasimamishwa.

Katika mtoto wa Fontan mbano si jambo la kupuuzwa, maana hakuna pampu nyuma yake ya kuishinda njia nyembamba: damu hurundikana chini, ini huvimba, maji hujaa tumboni. Ndiyo maana wakosoaji walipaza sauti, na mimi siwalaumu. Mtoto wa miaka mitatu hatoi idhini yake mwenyewe, na mzazi aliyekwisha kuambiwa mara mbili kwamba mwanawe huenda asiishi hawezi kuitwa mtu aliye huru kabisa katika kuchagua.

Breuer alikuwa amekwisha kuhamia hospitali ya watoto ya Nationwide huko Columbus, Ohio. Akishirikiana na Jay Humphrey, mhandisi wa Yale anayezieleza tabia za mishipa kwa hesabu, walijenga mfano wa kompyuta uliotabiri jambo ambalo daktari wa zamu asingethubutu kulingojea: kwamba mbano ule, ukiachwa, ungejifungua wenyewe kiunzi kikiisha kuyeyuka na uvimbe ukipoa. Walijaribu kwa wanakondoo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yaliafiki. Mirija ilibana mwanzoni, kisha ikapanuka bila ya kuguswa. Kwa nguvu ya ushahidi huo jaribio la watoto lilifunguliwa upya.

Wengine wameshika njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Robert Tranquillo na wenzake huchukua seli za ngozi ya kondoo, huziacha zifume mrija kwa majuma, kisha huziosha seli zote zikatoka, kikabaki kitambaa cha kolajeni kisicho cha mtu yeyote na ambacho mwili haukikatai. Mirija hiyo ilishonwa katika ateri ya pafu ya wanakondoo watatu wa majuma matano. Walipofikia utu uzima, kama ilivyoandikwa mwaka 2016, upana wake ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 56, bila ya chokaa wala damu kuganda. Na mjini Moscow, Leo Bockeria aliwawekea watoto watano, kuanzia mwaka 2013, mirija ya kampuni ya Xeltis, mitupu isiyopandwa chochote, ambayo huyeyuka huku mwili ukijaza mahali pake.

Hoja za wanaosubiri

Anayeupendelea mrija wa Gore-Tex si mtu wa zamani aliyekataa kuelimika. Husema, na kwa haki, kwamba mrija huo umetumika kwa zaidi ya miaka thelathini katika njia ya Fontan. Kwamba aibu zake zinajulikana zote. Kwamba mtoto akingojewa mpaka afikishe kilo za kutosha, mrija wa milimita 18 au 20 waweza kumfikisha utu uzimani bila ya kubadilishwa. Na kwamba maafa makubwa ya watu wa Fontan, yaani ini linalosinyaa kwa makovu na moyo unaochoka, hayaletwi na mrija peke yake na hayataondolewa nao.

Huongeza hoja moja ya maumbile ambayo upande wa pili huijibu kwa shida. Nyuzi za elastini, zinazoufanya mshipa utanuke na kurudi kwa kila pigo la moyo, mwili huzifuma zaidi kabla ya kuzaliwa na katika miaka ya mwanzo ya uhai, kisha huishi nazo hizo hizo kwa miongo. Mshipa uliojengwa baadaye hupata kolajeni tele na elastini haba. Katika njia ya vena, ambako shinikizo la damu ni dogo, upungufu huo husameheka; katika aorta hausameheki, na haifai mtu kuahidiwa aorta itakayokua kwa kuwa tu ateri ya pafu ya kondoo wa Minnesota imekua.

Upande wa pili hujibu kwamba kungoja nako kuna gharama. Mtoto anayengojeshwa hadi afikishe kilo hukaa miaka na hewa haba katika damu, na ndiyo miaka ile ile ambayo ubongo wake unakua na vile vijishipa vya mapafuni vinachipuka. Kama mrija ungekuwa unakua, asingengojeshwa kwa sababu ya kipimo cha mrija.

Kwangu mimi hii ndiyo hoja yao iliyo nzito kuliko zote, nayo hutajwa kwa uchache kuliko ile ya kuepusha operesheni ya pili, ambayo hupendwa na magazeti.

> *Kungoja nako kuna gharama, na mtoto ndiye anayeilipa.*

Unguja, Pemba na Muhimbili

Kwa miaka mingi, mtoto wa Tanzania aliyehitaji kufunguliwa kifua alisafirishwa, aghalabu kwenda India. Watoto wa Unguja na Pemba wamekuwa wakipimwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja na wengine kupelekwa Holon, Israeli, chini ya shirika la Save a Child's Heart, lililoasisiwa mwaka 1995 na Dakta Ami Cohen, ambaye, kwa kudra za Mungu, mauti yalimkuta mwaka 2001 akiupanda mlima Kilimanjaro. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikasimama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako leo watoto hupasuliwa na madaktari wa nyumbani pamoja na wageni wanaokuja kwa kambi za upasuaji.

Kila mtoto aliyepasuliwa huko nyuma amerudi kijijini na mishono yake, kiraka chake, au mrija wake, naye anarefuka. Hilo ndilo shauri ambalo harambee za kuchangia matibabu hazilitaji, kwa kuwa harambee huhesabu waliopasuliwa, wala haiwahesabu waliopimwa mwaka wa sita baada ya kupasuliwa.

Mahali ambapo operesheni ya pili ni nauli ya kukodi gari tu, mrija usiokua ni usumbufu. Mahali ambapo ya kwanza ilipatikana kwa mwaka mzima wa kuandikiana barua, mrija usiokua ni deni ambalo mdai wake anajulikana na siku yake haijulikani. Kwa hesabu hiyo mtoto wa Micheweni, kule Pemba, anauhitaji mshipa unaokua kuliko mtoto wa Ohio, ingawa majaribio mengi yanafanywa karibu na huyo wa pili.

Hata hivyo sitaki kuwatakia watoto wetu mrija wa kwanza utakaofika. Mrija wenye kawaida ya kubana mwanzoni na kufunguka baadaye ni salama kwa mtoto anayekaa karibu na mtambo wa katheta, ambaye atapigwa picha kila anapotakiwa na kupanuliwa kwa puto usiku huo huo ikilazimu. Kwa mtoto ambaye kufika kwake kliniki hungojea boti na msimu wa karafuu, mbano wa miezi sita usiotazamwa na mtu ni hatari kuliko Gore-Tex ya miaka ishirini.

Tena kuna shauri la rafu. Mrija unaopandwa uboho siku ya upasuaji hutaka maabara safi kando ya chumba cha upasuaji na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, awepo kila siku na si wakati wa kambi tu. Mrija uliooshwa seli, au ule mtupu unaoyeyuka, hukaa katika pakiti yake kabatini kama unavyokaa wa Gore-Tex, na mpasuaji wa Dar es Salaam aweza kuufungua saa nane za usiku bila ya kumpigia simu mtu yeyote.

Wanaotunga mipango ya ununuzi wangefanya vyema kuzitazama habari za Minnesota na za Moscow kabla ya zile za Columbus, na kuuliza bei. Kwa sasa kilicho kabatini ni Gore-Tex na uzi unaoyeyuka, na mtoto aliyeshonwa navyo apaswa kupimwa ateri zake kwa ekokadiografia kila anapopimwa urefu wake ukutani.